Bweni, Malazi au Makazi? Uhakiki wa Istilahi za Nyumba za Wanachuo wa Shahada za Juu

1. Utangulizi

Makala haya yana nia ya kuhakiki rasimu ya istilahi za ujenzi iliyoletwa mezani petu na taasisi moja ya elimu ya juu ambayo makao yake hayako katika Mkoa wa Manyara. Rasimu hiyo iliambatana na ramani za nyumba zilizokusudiwa kukaliwa na wanachuo wa uzamili na uzamivu ambao huenda katika Wilaya za Mbulu na Hanang kufanya utafiti kwa miezi mingi, pengine kwa mwaka mzima au zaidi. Tuliombwa jambo moja tu: kuthibitisha kwamba maneno yaliyotumika ni Kiswahili sanifu. Kwa kipimo hicho peke yake rasimu ingepita bila shida, maana karibu kila neno lililomo limo pia katika kamusi. Walakini kazi ya istilahi haiishii katika kuuliza kama neno ni la Kiswahili. Yapasa kuuliza pia neno hilo lataja kitu gani, lamfikia nani, na yule anayelisikia atatenda nini baada ya kulisikia.

Jambo hili si dogo kwa wakati wetu. Tangu mwaka 2021, chini ya mradi wa kuimarisha elimu ya juu unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, vyuo vikuu vyetu vimekuwa vikipeleka kampasi mpya katika mikoa ambayo haikuwa nazo. Aidha, utafiti wenyewe hausubiri kampasi. Huko Haydom, wilayani Mbulu, hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 imekuwa kituo cha uchunguzi kinachojulikana duniani. Ilikuwa mojawapo ya vituo vinane, katika nchi nane, vilivyoshiriki katika uchunguzi mkubwa wa utapiamlo na maradhi ya kuhara kwa watoto wachanga. Mahali penye kazi ya namna hiyo hapakosi mtu mzima mwenye vitabu, daftari za takwimu na pengine mtoto mgongoni, ambaye anatafuta nyumba ya kuishi wala si kitanda cha kulala tu. Huyo ndiye mlengwa wa istilahi tunazozihakiki.

2. Neno lilivyopokewa kijijini

Kabla ya kuingia katika uchambuzi wa maneno yenyewe, ni vema nieleze jinsi neno moja la rasimu hiyo lilivyopokewa. Nilikwenda Mbulu kwa ajili ya kukusanya majina ya sehemu za nyumba za asili. Siku moja nilialikwa kuhudhuria mkutano wa kijiji kimoja cha uwanda wa juu, ambako wawakilishi wa taasisi ile walikuja kueleza mpango wao. Barua ya maombi ya ardhi, iliyosomwa kwanza mbele ya watu, ilisema kwamba taasisi inaomba eneo la kujenga "mabweni ya wanafunzi".

Wanakijiji walikwisha kukubali kabla ya siku ile. Kulikuwa na chungu za mawe kando ya uwanja, zilizokusanywa kwa nguvu za watu wenyewe. Baada ya maelezo, mama mmoja wa makamo alisimama, akaniangalia mimi kwa kuwa nilikuwa nimeketi meza ya wageni, akauliza:

"Mwanangu, hilo bweni litachukua wasichana wangapi?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba mimi si mtu wa mradi, ila kwa jinsi nilivyoona katika ramani, nyumba hizo ni za watu wazima waliokwisha kupata shahada ya kwanza, wanawake kwa wanaume. Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi mawe yale tuliyabeba kwa ajili ya binti zetu." Akaketi. Hakuna aliyepiga kelele, wala hakuna aliyemtukana mtu. Lakini mkutano uliahirishwa, na mawe yalibaki pale pale.

Msomaji anayefahamu maisha ya vijijini hatashangaa. Tangu shule za sekondari za kata zilipoenea katika nchi yetu, neno "bweni" limekuwa neno la michango. Watu hutoa mawe, mchanga, maji na fedha ili mtoto wa kike asitembee mwendo mrefu alfajiri na jioni. Mtu akisema bweni katika mkutano wa kijiji, amekwisha kutoa ahadi hata kama hakukusudia. Mwandishi wa barua ile hakudanganya. Alifungua kamusi, akaona kwamba bweni ni mahali pa kulala wanafunzi, na kwa kuwa wanachuo wa uzamili nao ni wanafunzi, akaandika. Kosa lake lilikuwa la istilahi, lakini hasara yake ilikuwa ya watu.

Wala si mara ya kwanza kwa neno la karatasini kuwa na uzito juu ya ardhi ya sehemu hizo. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika tambarare za Basotu, wilayani Hanang, kwa msaada wa Kanada. Ardhi ile ilihesabiwa kuwa haitumiki, ingawa Wabarabaig walikuwa wakichunga humo kwa kuhamahama kufuata majira. Mgogoro wake ulifika hadi mahakamani katika miaka ya 1980. Mchungaji aliyeondoa mifugo yake kwa msimu ili nyasi ziote alikuwa bado anaitumia ardhi yake. Msamiati wa mpimaji ndio uliokosa neno la matumizi ya namna hiyo.

3. Bweni na jamaa zake

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Rasimu inatumia bweni, hosteli, malazi na makazi kana kwamba yote ni jina moja la kitu kimoja, mara nyingine katika aya ile ile. Huu ndio udhaifu wake wa kwanza, kwa sababu kanuni ya msingi ya istilahi ni kwamba dhana moja iwe na jina moja, na jina moja lisibebeshwe dhana mbili.

Bweni, kwa asili, ni mahali walipolala pamoja vijana wasiooa au wasioolewa. Dhana tatu zimo ndani yake tangu hapo: kulala, wingi wa walalaji, na hali ya kutokuwa bado na nyumba ya mtu mwenyewe. Shule zilipolichukua neno hili zikaongeza dhana ya nne, yaani ulinzi: mlezi, kengele, saa ya kuzima taa na mlango unaofungwa. Kwa mtoto wa miaka 14 ulinzi huo una sababu zake, ingawa maafa kama moto wa Shauritanga mwaka 1994, uliopoteza maisha ya wasichana zaidi ya 40, yanatukumbusha kwamba hata huko lazima ulinzi upimwe kwa usalama. Kwa mtu mwenye miaka 35, ambaye pengine ni mwalimu mkuu aliye likizoni kwa masomo, dhana hizo zote nne hazimwelei.

Hosteli ni neno la mkopo lililokwisha kuzoeleka, nasi hatuna sababu ya kulipiga vita. Limetua katika matumizi ya wanachuo wa shahada ya kwanza, na kila mmoja analielewa. Majengo 20 yaliyozinduliwa mwaka 2017 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye nafasi za wanachuo 3,840, yanaitwa Hosteli za Magufuli, na jina hilo linafaa. Ni nyumba za watu wengi, wa rika karibu moja, wanaokaa kwa mihula na kuondoka likizo. Mwanachuo wa uzamivu aliyeko Katesh hana likizo ya namna hiyo. Mvua ikinyesha, anapima mmomonyoko. Isiponyesha, anahoji wafugaji.

Dahalia ni neno linalotumika Zanzibar kwa maana iliyo karibu na bweni na hosteli. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya ndani na kuingia. Ni neno zuri, nasi twalipendekeza lihifadhiwe. Hata hivyo kwa haja yetu ya sasa halitatui tatizo, kwa sababu nalo lataja jengo la wanafunzi wanaolala pamoja chini ya uangalizi.

Malazi yamependwa sana na waandishi wa rasimu. Muundo wake uko wazi: kitenzi ni lala, na nomino malazi hutaja mambo ya kulala, pamoja na matandiko yenyewe. Ndiyo maana twasema "chakula na malazi" tunapomkaribisha mjumbe wa semina wa siku tatu. Ramani iliyochorwa kwa neno malazi hutoka na vitanda. Tulipoihesabu ramani ya ghorofa ya kwanza tuliona kwamba kila chumba kina nafasi ya kitanda, kabati na kiti, lakini hakina mahali pa meza ya kuandikia. Mchoraji alitii neno alilopewa.

Makazi hutokana na kitenzi kaa, ambacho zamani kilikuwa na sauti ya /l/ inayojitokeza bado katika kalia. Mabadiliko ni yale yale ya lala na malazi, lakini maana ni pana zaidi: mahali mtu anapoishi, anapopika, anapolea na anapotafutwa. Serikali yenyewe imelikubali neno hili katika jina la Sensa ya Watu na Makazi, ya mwisho ikiwa ya mwaka 2022. Karani wa sensa hamwulizi mtu kitanda chake kiko wapi. Kwa upande mwingine, makao yamekwisha kuelekea kwenye ofisi kuu na vituo vya kulelea watoto, nasi tuyaache huko.

Kwa mintarafu hiyo, makazi ndilo jina linalostahili nyumba za wanachuo wa shahada za juu. Hoja kwamba neno hili ni la jumla mno inajibika kwa urahisi: istilahi yaweza kuwa ya maneno mawili au matatu, mradi kila neno lifanye kazi yake.

4. Mkaaji ni nani?

Rasimu huwataja wakaaji kuwa "wanafunzi wa uzamili". Hapa pana tatizo ambalo si la waandishi wa rasimu peke yao, bali ni letu sote. Uzamili ni shahada ya pili na uzamivu ni ya tatu. Uzamivu wafahamika kwa urahisi: ni zao la zama na zamia, kwa kiambishi kile kile tunachokiona katika sikivu. Uzamili haujengwi kwa kanuni hiyo, kwa kuwa Kiswahili hakina kiambishi cha kuundia nomino chenye umbo la -ili. Umbo lake lashabihiana zaidi na neno la Kiarabu lenye maana ya mwenzi katika kazi. Hata hivyo kwa sababu maneno haya mawili yanafanana masikioni, watu wengi huyachanganya, na maofisa wengi hutumia "uzamili" kutaja ngazi zote mbili kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba mwanachuo wa uzamivu akisoma tangazo la nyumba "za wanafunzi wa uzamili" hajui kama anahusika.

Tunapendekeza "shahada za juu" liwe jina la jumla la ngazi zote mbili, na uzamili na uzamivu yabaki kuwa majina ya ngazi moja moja. Chuo kama Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa Arusha mwaka 2012 kwa ajili ya mafunzo ya ngazi hizo mbili, kingeweza kuelezwa kwa usahihi hivyo: ni chuo cha shahada za juu.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Rasimu inatenga sehemu ya jengo kuwa "nyumba za waliooa". Kila mzawa wa Kiswahili anajua kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kwa sarufi ya neno hilo, basi, mwanamke mwenye mume na watoto hana nyumba katika mradi huu. Huenda akaambiwa kwamba haikukusudiwa hivyo. Lakini ofisa wa ugawaji, atakayekuja miaka mitano baadaye, atasoma kanuni wala hatasoma nia. Naye atakuwa na neno la kumnyima nyumba mwanamke yule bila hata kujiona kwamba ameonea mtu. Hata "wenye ndoa" halitoshi, kwa kuwa mjane mwenye mtoto na mama asiye na mume wanahitaji jiko na chumba cha mtoto kama wengine. Neno lifaalo ni "wenye familia". Ni fupi, halibagui, na lataja sababu halisi ya kuhitaji nafasi kubwa zaidi.

5. Ndani ya nyumba

Tukiingia ndani twakuta makosa ambayo mengine yanachekesha, lakini yatagharimu fedha yasiporekebishwa.

La kwanza ni "chumba cha kawaida". Katika ramani, chumba hiki ndicho kikubwa kuliko vyote, tena kina meko ya kuotea moto. Vipi kiwe cha kawaida? Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza lenye maana mbili, yaani -a kila siku na -a watu wote, akachagua maana isiyohusika. Kiswahili hakikosi jina hapa. Tangu kale mwambao wetu umekuwa na baraza, mahali pa kuketi, kuzungumza, kupokea wageni na kuamua mambo. Neno hilo limesafiri hadi bara likawa pia jina la vikao na vyombo vya maamuzi. Chumba ambamo wanachuo wa sayansi ya udongo na wanachuo wa uuguzi watakutana jioni na kusahihishana hoja hakistahili jina jingine ila baraza, au, tukitaka kukitofautisha na kikao, chumba cha baraza.

La pili ni "chumba cha kujifunzia kulala". Kilichokusudiwa ni chumba kimoja chenye sehemu mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kulala. Kwa mpangilio uliotumika, mkaaji ataonekana kuwa bado hajui kulala na anakwenda kufundishwa. Kasoro hii ni ya kawaida tunapobandika maneno kwa mfuatano wa lugha nyingine bila viunganishi. Dawa yake ni ndogo: "chumba cha kulala na kusomea". Na mara neno kusomea linapotajwa waziwazi, mchoraji hukumbuka meza, rafu ya vitabu na taa.

La tatu ni "kijiko". Ramani inaonyesha kwamba kila ghorofa ina majiko madogo mawili. Mwandishi alitaka umbo la udogo la neno jiko, akaweka kiambishi ki-, akapata kijiko. Kanuni aliifuata, ila alisahau kwamba nafasi hiyo ina mwenyewe tangu zamani, naye hukaa katika bakuli. Mtunza ghala akipokea orodha yenye "vijiko viwili kwa kila ghorofa" ataleta vijiko viwili kwa kila ghorofa, naye hatakuwa na kosa. Tuseme "jiko dogo".

La nne ni "chumba kinachojitosheleza". Mitaani watu husema "chumba selfu", na kila mpangaji anaelewa. Kwa hati rasmi, hata hivyo, lugha ya wazi ndiyo bora: "chumba chenye choo na bafu ndani". Ni maneno mengi zaidi, lakini fundi bomba hataomba ufafanuzi. Kinachojitosheleza chaweza kuwa chumba chochote ambacho mwenyewe hakilalamikii.

La tano ni "mlinzi wa bweni", aliyetajwa kuwa ndiye mkuu wa nyumba. Mlinzi tunayemjua sisi hukesha langoni na tochi. Anayekusudiwa ni mtu wa kugawa vyumba, kusikiliza malalamiko na kusimamia matengenezo. Huyo ni msimamizi wa makazi. Hatumwiti mlezi, maana anaowasimamia wamekwisha kuwa walezi wa watu wengine.

6. Nyumba na mahali pake

Udhaifu mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, hauko katika neno moja bali katika maelezo ya maana. Rasimu inaeleza "nyumba bora" kuwa ni nyumba "inayopitisha upepo pande zote", yenye roshani ndefu zilizo wazi na madirisha mapana yanayotazamana. Maelezo hayo ni kweli tupu kwa Dar es Salaam, Tanga au Unguja. Kwa uwanda wa Mbulu ni kinyume chake. Wakati wa kipupwe upepo wa huko huingia mifupani, na nyumba bora ni ile inayouzuia.

Wairaqw wa Mama Isara walilitatua jambo hili zamani. Nyumba yao ya asili huchimbwa katika ubavu wa kilima. Paa lake ni bapa, limefunikwa udongo, na kwa upande wa juu hulingana na ardhi. Atazamaye kutoka mbali huona kilima tu. Watu wenyewe husema kwamba ilikuwa pia njia ya kujificha wakati wa uvamizi. Mifugo ililala ndani pamoja na watu, na joto lake lilikuwa sehemu ya nyumba. Nyumba ya namna hiyo ni tembe, nalo neno tembe ni la Kiswahili kwa muda mrefu. Katika rasimu halimo hata mara moja. Hatusemi kwamba mtafiti wa leo alale na ng'ombe. Twasema kwamba msanifu majengo aliyepewa orodha yenye roshani bila tembe amenyimwa nusu ya mawazo ambayo angeyahitaji: kuta nene, mlango uliopewa kisogo na upepo, chumba kilichoegemea ardhi.

Kadhalika kuhusu maji. Rasimu inatumia "mfereji" kwa njia ya maji ya mvua na kwa njia ya maji machafu ya nyumbani, bila kutofautisha. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, iliporomoka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na miti vilishuka hadi Katesh na Gendabi, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Tangu siku ile hakuna mtu wa Hanang anayelisikia neno mteremko kama neno la kuchorea tu. Hati ya ujenzi katika wilaya hiyo lazima itenge mambo manne: mkondo wa asili unaoshuka mlimani, mfereji wa maji ya mvua, bomba la maji safi na bomba la maji taka. Atakayeyachanganya karatasini atayachanganya na ardhini.

Neno "ushoroba" limetumika kwa njia ya ndani inayopita kati ya vyumba. Ni Kiswahili safi, nami nalipenda. Lakini katika Mkoa wa Manyara watu wamelizoea kwa maana ya njia ya wanyamapori, kama ushoroba wa Kwakuchinja kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara. Maana hizo mbili ni ndugu, nazo zaweza kuishi pamoja, mradi hati iandike "ushoroba wa ndani" pale panapohusika nyumba.

7. Pingamizi na majibu

Wako watakaosema kwamba tunahangaika na maneno wakati nyumba zenyewe hazijajengwa. Jibu letu ni mawe ya kile kijiji. Yalikuwepo, na watu walikuwa tayari; kilichokosekana ni neno la kweli.

Wengine watauliza kwa nini tusichukue maneno kutoka lugha za mahali. Swali hili ni la haki. Mbulu na Hanang ni mahali pa nadra katika Afrika, ambapo lugha za Kibantu, Kiiraqw kilicho cha Kikushi, Kidatoga kilicho cha Kiniloti, na Kihadza chenye sauti za kidoko husikika karibu karibu. Mapokeo yetu ya kuunda istilahi huanza na Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, halafu lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za kigeni. Kwa njia hiyo tulipata ikulu kutoka Kinyamwezi na kitivo kutoka milima ya Upare na Usambara. Lakini kwa utaratibu huo Kiiraqw na Kidatoga husubiri foleni ndefu, na mara nyingi mlango hufungwa kabla ya zamu yao. Nadhani utaratibu huo wahitaji kulegezwa pale ambapo kitu chenyewe ni cha wenye lugha hiyo. Anayejua kuchimba nyumba katika kilima ndiye mwenye haki ya kwanza ya kutaja sehemu zake.

Mwisho, yafaa nikiri kosa langu. Miaka michache iliyopita orodha fupi ya maneno ya elimu ilipita mikononi mwangu, nami nikaidhinisha maelezo haya: "bweni, mahali pa kulala wanafunzi". Yalikuwa mafupi, nami nikajisifu kwa ufupi wake. Sijui kama mwandishi wa barua ile aliyaona, lakini angeyaona yangempa haki. Kama ningeongeza maneno mawili, "wa shule", yule mama angejua tangu mwanzo kwamba neno hilo lilikuwa la binti yake, na wengine wangetafuta neno lao.

8. Mapendekezo

Kwa kifupi, tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na maofisa wa serikali:

(a) Bweni libaki kuwa nyumba ya kulala wanafunzi wa shule. Dahalia liendelee kutumika palipo na mazoea nalo.
(b) Hosteli litumike kwa nyumba za wanachuo wa shahada ya kwanza na wapangaji wa muda.
(c) Makazi ya wanachuo wa shahada za juu liwe jina la nyumba za wanachuo wa uzamili na uzamivu. Makazi ya wenye familia yawe sehemu yake.
(d) Malazi yasitumike kutaja jengo, bali huduma ya kulala na matandiko.
(e) Chumba cha baraza, chumba cha kulala na kusomea, jiko dogo, na msimamizi wa makazi yachukue nafasi za maneno tuliyoyakosoa.
(f) Tembe na majina ya sehemu zake yaingizwe katika orodha za ujenzi za mikoa ya bara.
(g) Barua yoyote ya kuomba ardhi kijijini itaje kwanza ni nani atakayekaa katika nyumba itakayojengwa, kisha ndipo itaje nyumba.

Rasimu imerudishwa kwa waandishi wake pamoja na maelezo haya, nao wameahidi kuandika barua nyingine kwa kijiji. Walimu na mafundi wa Kainam, Dongobesh, Haydom, Katesh na Basotu wanaombwa watuletee majina wanayoyatumia kwa boriti, dari, kizingiti, zizi la ndani na meko, katika lugha yoyote wanayojengea. Tutayapokea kabla ya orodha ijayo kufungwa.